Weusi Chini ya Macho ya Nakijwa

Paukwa!

Pakawa? Ndiyo kuitikia gani huko? Mmekula ugali wangu wote, mmemaliza maharage yangu yote, halafu mnaniitikia kama watu wanaoumwa meno. Narudia, na safari hii nataka hata majirani wasikie. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Na wewe uliyekaa kwenye moshi, acha kufikicha macho. Ukifikicha yanawasha, yakiwasha unafikicha tena, kesho unaamka una weusi chini ya macho, na mama yako anakuja kunigombeza mimi. Sogea upande huu. Haya. Leo nawasimulia habari za weusi huo huo, na habari za hamu. Asiyejua hamu ya mtu ni kitu gani asikilize tu, muda wake haujafika.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walikuwa bado wanasalimiana njiani, kulikuwa na kijiji cha milimani kilichoitwa Isangata. Watu wa Isangata walikuwa watu wa zamu. Walikuwa na kijito kimoja, chembamba, ambacho peke yake kisingeweza kunywesha mashamba yao. Wakachimba bwawa wakaliita ndiva. Usiku maji ya kijito yalijaa ndani ya ndiva, asubuhi kizibo kikafunguliwa, maji yakaenda shamba la mtu huyu. Kesho yakaenda la yule, keshokutwa la mwingine. Walikuwa na zamu ya maji, zamu ya kusafisha ndiva na zamu ya kufukuza nyani. Mimi nadhani hata kupiga chafya walipiga kwa zamu.

Jambo moja tu halikuwa na zamu. Mtu akisafiri, moto wa jikoni kwake haukutakiwa kuzimika mpaka arudi. Mkewe ndiye aliyeulinda, peke yake, mchana na usiku. Moto ukizimika, msafiri alihesabiwa amekufa. Ndugu walinyoa vichwa, wakakaa matanga, wakaibomoa nyumba, na mke akarudishwa kwao. Na hata kama huyo marehemu wao angetokea wiki ijayo akiwa mzima, mzigo kichwani, anatoka jasho, Isangata yote ingempa mgongo kama mzuka. Msinitazame hivyo. Sheria hiyo sikuitunga mimi.

Basi katika kijiji hicho aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa. Mumewe aliitwa Mbonea, mfua chuma, mtu wa kelele. Alipotoka kufua chuma jioni alisikika kabla hajaonekana, maana alikuwa anaimba, na kuimba hakujui. Alikula amesimama. Alipenda kumwambia Nakijwa kwamba katika kijiji kizima hakuna macho kama yake, na Nakijwa alijifanya hasikii ili aambiwe tena. Walikuwa wamekaa pamoja mwaka mmoja tu.

Siku moja Mbonea alifunga majembe ishirini, akasema anateremka nyikani kwa wafugaji, abadilishane majembe kwa mbuzi. Alisema atarudi kabla maharage hayajakomaa. Nakijwa akamsindikiza hadi kwenye kona ya njia, akarudi nyumbani, akaketi mbele ya mafiga matatu, akaanza kulinda moto.

Maharage yakakomaa, Mbonea hakurudi. Maharage yakapandwa tena, yakakomaa, hakurudi. Maharage yakapandwa mara ya tatu, yakakomaa, hakurudi.

Nakijwa alimtamani mume wake mpaka mwili ukamuuma. Alitamani ile sauti mbaya ya kuimba. Alitamani kugombana naye kwa sababu amekula amesimama. Kitandani hakulala upande wa Mbonea, na kusema kweli hakulala upande wowote, maana usiku alikuwa ameketi jikoni. Aliegemeza mgongo ukutani, akashika jiwe mkononi, na chini ya mkono akaweka ungo. Akisinzia, jiwe lilimponyoka, likaanguka kwenye ungo, paa, naye akashtuka, akasukuma kuni, akaimba:

*Waka, moto, waka,*
*mwenyewe yuko njiani.*
*Waka, moto, waka,*
*usimpoteze nyumbani.*

Kila akiimba alilia, kila akilia alifuta macho kwa nguvu kwa ncha ya kanga, na moshi nao ulikuwa unamwingia. Maji hakunywa, asije akalazimika kutoka nje mara kwa mara. Mwajua ilivyo. Mwili wa mtu ni mpole, unavumilia, unavumilia, kisha unaanza kusema.

Mwili wa Nakijwa ulisemea chini ya macho. Mwaka wa kwanza kilikuja kivuli. Mwaka wa pili kivuli kikawa doa. Mwaka wa tatu kila jicho lilikuwa na mfuko chini yake, na mfuko umeiva kama zambarau. Wanawake waliokuwa wanafagia ndiva walimwona akipita, wakanyamaza, akishapita wakanong'ona.

Mama yake Mbonea, bibi mmoja aitwaye Naetwe, alikaa nyumba ya pili, hatua kumi tu kutoka kwa Nakijwa. Naetwe alikuwa mjane, mkavu, hachekicheki, na kitambaa cha kichwa alikivuta mbele mpaka uso wote ukawa kivulini. Huyu ndiye aliyesema maneno yaliyomchoma Nakijwa kuliko yote. Alisema mbele ya wanawake kwamba mkaza mwanawe anajipaka masizi machoni ili aonewe huruma.

Maneno yalimfikia Nakijwa kabla ya jua kuzama. Asingeweza kwenda kuuliza. Isangata, mkaza mwana hamtazami mama mkwe usoni. Akimsalimia anainama, akizungumza naye anatazama vidole vya miguu vyake mwenyewe, na akipokea kitu anapokea ameangalia pembeni. Ndiyo heshima yao. Nakijwa alikuwa ameishi hatua kumi kutoka kwa Naetwe miaka minne, na ungemwambia akueleze uso wa mama mkwe wake, angeweza kukueleza miguu tu. Kwa hiyo alinyamaza na maneno yakamkaa kifuani.

Siku iliyofuata alijitazama kwenye maji ya mtungi. Akaogopa. Akajiambia kwamba Mbonea alimpendea macho, sasa akirudi atamkuta nani? Ataona mwanamke wa ajabu ameketi jikoni kwake na ataomba msamaha kwamba amekosea nyumba. Nakijwa akaamua atafute dawa. Akachagua gogo nene la mti mgumu, akalisukuma ndani ya mafiga, gogo ambalo lingewaka bila kuguswa mtu akienda na kurudi, akatoka.

Kwanza alimkuta Kobe kwenye shamba la matango. Kobe alikuwa anakula tango ambalo halikuwa lake, kwa hiyo alikuwa na adabu nyingi sana. Nakijwa akamwomba dawa ya weusi wa macho.

Kobe akatafuna, akameza, akafikiri. Mnamjua Kobe, ukimwuliza asubuhi atakujibu mchana. Mwishoni akamwambia achukue tango bichi, alikate vipande vyembamba, alale chali, aweke kipande juu ya kila jicho, atulie mpaka vipande viishe ubaridi. Macho yaliyovimba yanapungua, ngozi inapumzika.

"Lakini nikuulize," Kobe akasema. "Unalala?"

"Nalala," Nakijwa akasema.

Kobe akarudi kwenye tango lake.

Nakijwa akaenda nyumbani, akakata tango, akalala chali kando ya mafiga, akaweka vipande. Sasa hapo! Mtu mwenye matango machoni haoni moto. Hajahesabu hata kumi, akainua kipande kimoja achungulie. Akakirudisha, akainua kingine. Alifanya hivyo mpaka tango likapata joto mkononi, na jicho la kushoto halikupata hata ubaridi wa kumjulisha kwamba lilitibiwa. Uvimbe ulipungua kidogo, nisimwonee Kobe. Weusi ulibaki pale pale.

Siku tatu baadaye akasukuma gogo jingine, akaenda ndivani. Chura alikuwa amekaa juu ya kizibo, amevimba kama ndiye aliyelichimba bwawa lote. Nakijwa akamwomba dawa ya weusi wa macho.

Chura hakufikiri hata kidogo. Akamwuliza mara ya mwisho kunywa maji ilikuwa lini, Nakijwa akaanza kuhesabu kwa vidole, na Chura akamgombeza kweli kweli. Akamwambia ngozi ya chini ya macho ni nyembamba kuliko zote, mwili ukikauka hiyo ndiyo ya kwanza kutangaza. Akamwambia anywe maji, kibuyu hadi kibuyu. Asubuhi achovye kitambaa katika maji baridi ya ndiva, akiweke machoni polepole. Na zile kanga za kufutia machozi kama anasugua sufuria aache leo hii.

"Na kitu kimoja," Chura akasema. "Unalala?"

"Nalala," Nakijwa akasema.

Chura akaguna, akaruka majini.

Nakijwa akanywa maji, akaweka kitambaa baridi, akaacha kufikicha. Na nisiwafiche, alipata nafuu. Midomo ilirudi kuwa laini, macho yakaacha kuwa mekundu. Lakini weusi ulibaki pale pale, na usiku ulipofika alishika jiwe lake juu ya ungo, akaimba:

*Waka, moto, waka,*
*mwenyewe yuko njiani.*
*Waka, moto, waka,*
*usimpoteze nyumbani.*

Akabaki Komba. Nakijwa alisitasita kumwendea Komba, na ningekuwa mimi ningesitasita pia. Komba mwenyewe ana macho kama vibuyu na duara nyeusi kuzunguka kila jicho. Utamwendeaje mtu huyo umwombe dawa ya macho? Lakini mwenye shida hachagui mlango, akaenda. Ilikuwa adhuhuri. Alimkuta Komba amejikunja ndani ya tundu la mti, mkia juu ya pua, anakoroma. Akagonga. Akagonga tena. Akagonga mara ya tatu, na Komba akatoa kichwa akiwa amenuna.

Nakijwa akaomba msamaha, akaomba dawa ya weusi wa macho.

"Umetumwa unidhihaki?" Komba akauliza.

Nakijwa akaapa kwamba hakutumwa na mtu. Komba akamwangalia vizuri, hasira ikamtoka.

"Haya ya kwangu nimezaliwa nayo," akasema. "Mama alikuwa nayo, bibi alikuwa nayo, wanangu wanayo. Hata watu wapo waliozaliwa hivyo, hawaumwi chochote, na hawahitaji dawa. Wewe si mmoja wao. Ulipoletwa huku bibi harusi, mimi nilikuwa juu ya mti huu huu. Nilikuona. Uso wako ulikuwa wazi kabisa."

Nakijwa akasubiri aulizwe lile swali, amejiandaa na jibu lake. Komba hakuuliza.

"Na mimi usinidanganye kama ulivyowadanganya Kobe na Chura," Komba akasema. "Wameniambia. Kobe usiku amelala, Chura yuko majini. Mimi usiku niko kazini, naona kila nyumba. Wewe hulali. Dawa yako ni usingizi, na hakuna mtu wa kukulalia."

Nakijwa akalia pale pale chini ya mti. Akamweleza Komba yote. Kwamba akilala moto utazimika. Kwamba moto ukizimika watamkalia Mbonea matanga akiwa hai, watabomoa nyumba yake, na siku atakayopanda ile njia na mbuzi wake watampa mgongo. Akasema afadhali awe na macho meusi kama chungu, awe kipofu kabisa, kuliko yeye Nakijwa awe ndiye aliyemuua mume wake kwa kusinzia.

Komba akapiga miayo. Alikuwa na usingizi mzito, lakini huruma ilimshika.

"Nitakwambia jambo moja kisha uniache," akasema. "Usiku Isangata nzima inalala, isipokuwa sisi watatu. Wa kwanza mimi. Wa pili wewe."

"Wa tatu nani?"

"Wa tatu hataki ajulikane, na mimi si mchongezi. Nenda nyumbani, mama. Gogo lako limekwisha nusu."

Akajikunja, akaweka mkia puani, akaanza kukoroma kabla Nakijwa hajageuka.

Nakijwa akashika njia akiwaza. Jua lilikuwa kali. Alipofika gogo lilikuwa bado linawaka, akashukuru. Akaketi, akavuta ungo wa maharage makavu, akaanza kubambua. Akabambua ganda moja, la pili, la tatu. Akashika jiwe mkono wa kushoto, kwa tahadhari, akaendelea kubambua kwa mkono wa kulia. Mwili wa Nakijwa ulikuwa umechoka miaka mitatu, na siku hiyo haukuomba ruhusa. Jiwe likaanguka kwenye ungo, paa. Nakijwa hakulisikia.

Ndiyo, alilala! Mnashtuka nini? Ninyi wenyewe nusu yenu mmeshaanza kuyumba.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limeshuka mpaka miale yake inaingilia mlangoni. Akaruka. Akatazama mafiga. Moto ulikuwa unawaka, tena vizuri, una kuni nyembamba zilizopangwa kwa utaratibu ambao si wake. Na kando ya moto palikuwa na miguu anayoijua. Ilikuwa miguu ya mama mkwe.

Nakijwa akainamisha kichwa haraka, akasalimia. Salamu haikuitikiwa.

"Nitazame, Nakijwa," Naetwe akasema.

"Mama, siwezi."

"Nimesema nitazame."

Nakijwa akainua macho. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Naetwe alikuwa amevua kile kitambaa, amekiweka mapajani. Chini ya macho ya bibi yule kulikuwa na weusi mzito kuliko wa Nakijwa, umeshuka mpaka mashavuni, ngozi imejikunja juu yake tabaka kwa tabaka. Wakatazamana wanawake wale wawili. Kisha Nakijwa akatazama zile kuni ambazo hakuzipanga yeye.

"Moto ulizimika?"

"Ulizimika. Nilikuta majivu, hata moshi hakuna."

"Basi nimemuua Mbonea."

"Hujamuua. Nimeleta kijinga cha moto kutoka kwangu."

Nakijwa hakuelewa. Moto wa msafiri huwa kwa mkewe, kwa mama yake kuna moto wa nini? Naetwe akamweleza, macho kwenye kuni, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Alisema siku ile Mbonea aliposhika njia, yeye hakuwa na imani na binti mdogo namna ile. Akajisemea kwamba binti atasinzia tu. Akawasha moto wake ndani, dirisha akaliziba, na tangu siku hiyo hajalala usiku hata mmoja. Nia yake ilikuwa kwamba moto wa mke ukizimika, yeye alete kijinga upesi kabla kijiji hakijajua.

"Leo ni mara ya tatu," Naetwe akasema. "Mara ya kwanza ni yale masika uliyokuwa na homa. Mara ya pili ulisinzia kama leo. Niliwasha, nikatoka, ukaamka ukaimba kana kwamba hakuna kilichotokea."

Nakijwa akashika kichwa. Miaka mitatu alikuwa anajivunia moto ambao haukukatika, kumbe ulikatika.

"Na wa kwako, mama? Wa kwako haukuzimika hata mara moja?"

Naetwe akasukuma kuni.

"Mara nne. Mimi ni mzee. Kila mara nilikuja kuchukua kaa hapa kwako, wewe ukiwa umeenda kuteka maji."

Hapo Nakijwa alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na Naetwe naye akalia. Akamwomba radhi kwa yale maneno ya masizi. Alisema lilikuwa ni wivu. Yeye weusi wake aliuficha chini ya kitambaa, wa Nakijwa ulitembea barabarani mchana kweupe, na watu walipompa pole walimpa pole Nakijwa. Mke amefiwa na usingizi kwa ajili ya mumewe, masikini Nakijwa. Mama aliyembeba tumboni hakuulizwa na mtu kama amelala.

"Nami namtaka arudi," Naetwe akasema. "Namtaka sana, Nakijwa. Nasikia mpaka kwenye mifupa."

Nakijwa akamshika mikono, akamtazama, heshima ikae pembeni kwanza. Akasema wao ni watu wanaogawana kijito kimoja mashamba thelathini, na hakuna shamba linalokauka. Je, moto mmoja wameshindwaje kuugawana watu wawili wanaomngoja mtu mmoja? Naetwe akasema sheria inataka mke alinde peke yake. Nakijwa akamjibu kwamba kama ni sheria, wameivunja mara saba tayari, na Mbonea hajafa.

Bibi akainuka. Wakaenda wote wawili nyumba ya pili, wakabeba moto wa Naetwe kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, wakaumimina katika mafiga ya Nakijwa, ukawa moto mmoja. Naetwe akasema zamu ya kwanza ni yake, Nakijwa aende kitandani alale kama watu.

Sasa najua mtaniuliza, weusi uliondoka? Wa Nakijwa uliondoka, lakini haukuondoka siku hiyo. Miezi mitatu ulikuwa unapungua kidogo kidogo, na matango ya Kobe sasa yalimsaidia kwa sababu aliweza kuyaacha machoni bila kuchungulia, na maji ya Chura akayanywa bila woga. Wa Naetwe ulipungua ukabaki kidogo, maana uzee nao una haki yake. Na mtaniuliza Mbonea alirudi? Mimi sijui. Aliyenisimulia hakujua, na mimi siwezi kuwatungia mtu mzima na mbuzi wake kwa sababu tu mmekunja nyuso. Najua habari za usingizi ule wa kwanza.

Nakijwa aliingia ndani akaogopa kitanda. Kisha akalala upande wa Mbonea, upande ambao hakuwa ameugusa miaka mitatu. Akamsikia Naetwe jikoni anasukuma kuni, anaimba kwa sauti ya kukwaruza, mbaya, na akajua Mbonea alirithi wapi ile sauti yake. Akacheka gizani, akalala.

Alilala mpaka jogoo, mpaka jua, mpaka maji ya ndiva yakafunguliwa. Alipoamka alitoka akasimama mlangoni mwa jikoni, nywele zimesimama, machozi yanamtiririka, na macho hakuyafikicha. Naetwe akadhani kuna jambo baya.

"Nimemwona," Nakijwa akasema.

"Umemwona nani?"

"Mbonea. Ndotoni. Miaka mitatu sijamwota, mama. Nilikuwa silali, ningemwotea wapi?"

Naetwe akaacha kuni.

"Alikuwaje?"

"Mzima. Alikuwa ameketi pale kizingitini anajitoa mwiba mguuni. Akaniambia maharage yangu hayana chumvi."

"Amekonda?"

"Hajakonda."

"Nywele?"

"Ndefu. Hakuna wa kumnyoa."

Nakijwa alikuwa na mengi ya kueleza, alivyovaa, alivyocheka, alivyomwita jina. Lakini Naetwe alikuwa ameshasimama. Alikuwa anafungua kitambaa kichwani, bibi yule mkavu, anatazama mlango wa chumbani.

"Usinieleze yote," akasema. "Shika moto, mwanangu. Nami nikamtazame."

Hadithi yangu imejilaza hapo, na mimi siiamshi.